Boston Cream Pie: keki inayoitwa pai, na krimu yake sio krimu

Grupu letu la familia lilichafuka Jumapili kwa sababu ya picha moja tu. Binamu yangu anaishi Massachusetts, kule Marekani, akatuma picha ya bethdei yake, keki mbili zimebebana, katikati kuna kitu, juu chokleti inang'aa kama kiatu cha shule siku ya kufungua, halafu chini kaandika "pai yangu ya mwaka huu". Shangazi hakuchelewa: "Mwanangu hiyo ni keki. Pai ina nyama." Mjomba naye akaingia kwamba pai ni ya matufaha, mwingine akasema Wamarekani ndo walivyo wanaharibu Kiingereza cha wenyewe, yaani mpaka saa nne usiku watu wanabishana kuhusu keki ambayo hakuna hata mmoja aliyeionja. Na mimi kwa vile napika keki za oda nikatakiwa nitoe hukumu. Nikajaribu voisi noti, ya dakika sita, hakuna aliyeisikiliza. Kwaiyo naandika.

Kinachozungumziwa hapa kinaitwa Boston cream pie. Ni keki mbili nyepesi za njano, za siagi au sponji, katikati kastadi nzito, juu chokleti laini inayomiminwa na kuachwa itambae yenyewe. Basi. Hakuna ganda, hakuna nyama, hakuna matufaha, na ukiitafuta krimu kama ile ya kupiga kwa mashine inayopambia keki za harusi huipati. Jina lina maneno matatu na kila neno linakupoteza kwa namna yake, ndo maana watu wanagombana, na mimi nitaanza na neno la mwisho maana ndo lililomuudhi shangazi.

Pai tunayoijua ina ganda. Unakanda unga na siagi, unautandaza kwenye chombo kifupi, unaweka kitu ndani, unaoka. Kitu cha ndani kinaweza kuwa nyama, kuku, matunda, chochote, ila ganda lazima liwepo. Keki ni rojo, unalimimina kwenye chombo linaumuka lenyewe. Kwa kipimo hicho Boston cream pie ni keki asilimia mia moja na shangazi ameshinda kesi, lakini asifurahi sana, kwa sababu jina halikutokana na kilichomo ndani ya chombo, lilitokana na chombo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: katikati ya miaka ya 1800 jikoni kwa Wamarekani wengi tini za pai zilikuwa kila nyumba, zile fupi za bati, maana pai ilikuwa chakula cha kila siku. Tini maalumu za keki hazikuwa nyingi. Kwaiyo mama akitaka keki anamimina rojo lake kwenye tini mbili za pai, zinatoka keki mbili nyembamba, anazibandika moja juu ya nyingine na kitu katikati, na kwa vile imetoka kwenye tini ya pai inaitwa pai. Kabla ya hii ya Boston kulikuwa na ndugu yake mkubwa, Washington pie, keki mbili za hivyohivyo na jamu katikati. Nayo haina ganda. Nayo iliitwa pai na hakuna aliyeandamana.

Na kabla hatujawacheka, hebu tujiangalie. Mkate wa sinia ni mkate? Ni mchele uliosagwa na tui la nazi na hamira na hiliki, mtamu, ukimpa mgeni ambaye hajawahi kufika pwani atakwambia ni keki, lakini sisi tunauita mkate na tukaupa na jina la chombo kabisa, sinia. Mkate wa mayai ndo kabisaa, ile ni sponji ya mayai na sukari na unga, ukiiweka mezani na sponji ya Mzungu huwezi kuzitofautisha kirahisi. Alafu kuna hafkeki. Nani amewahi kuiona ile nusu nyingine? Jina likishakaa mdomoni mwa watu haliombi ruhusa kwa mwenye kamusi. Wamarekani wenyewe wana na nyingine, whoopie pie, ambayo ni vikeki viwili vya chokleti vilivyoshikana kama sandwichi, na jimbo la Maine mwaka 2011 likaipitisha rasmi kuwa kitafunwa cha jimbo. Pai hiyo. Haina ganda wala tini.

Sasa neno la pili, krimu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo keki yenyewe ilipo, hayo mengine ni mapambo.

Krimu inayotajwa kwenye jina ni ile Wafaransa wanaiita crème pâtissière, sisi tukisema kastadi nzito ya mayai tunaelewana. Maziwa, viini vya mayai, sukari, konflawa au unga wa ngano, vanila, mwishoni kipande cha siagi. Kama umewahi kula ekleya, kile kitafunwa kirefu cha Kifaransa, basi umeshakutana nayo, ekleya ni ndugu wa damu wa hii keki, kastadi ndani chokleti juu, tofauti ni kwamba yenyewe imetumia donge lingine badala ya sponji. Rangi yake ni ya njano ya kiini. Kumbuka hiyo rangi, tutairudia.

Kosa la kwanza ambalo wengi wanafanya ni kudhani kastadi ni ile ya kopo. Sisi tumelelewa nayo, Ramadhani haiishi bila bakuli la kastadi na matunda yamekatwakatwa juu, na mi naipenda sijaja kuisema vibaya. Lakini ile ilitengenezwa mwaka 1837 na mkemia mmoja wa Birmingham, Uingereza, anaitwa Alfred Bird, kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru. Jamaa akatafuta kitu kinachofanana na kastadi bila yai hata moja, akatumia konflawa, akatia rangi na ladha. Kwaiyo kastadi ya kopo tangu kuzaliwa kwake ni kastadi isiyo na mayai, ni uji wa konflawa wenye mapenzi ya ndoa ndani yake. (Huyuhuyu Bird ndo mwaka 1843 akatengeneza bekingi pauda, sababu ileile, mke hakuwezana na hamira. Mwanamke mmoja mgonjwa ametulisha dunia nzima.) Ukiiweka ya kopo kwenye Boston cream pie haifi mtu, inaliwa, ila ladha inakuwa ya vanila tupu, ule uzito wa yai haupo.

Kosa la pili linatisha watu zaidi, na ndo linafanya waikimbie kastadi ya mayai: "ukichemsha mayai yanaganda". Ni kweli ukichemsha mayai na maziwa peke yake yatakatika, utapata vipande kama mayai ya kuvuruga yanaogelea kwenye maji ya njano. Lakini ukishatia konflawa hesabu inabadilika. Fikiria uji. Unga ukiwa kwenye maji ya baridi unazama chini, maji yanabaki maji. Ukipata moto kila chembe inakunywa maji inavimba, ndo uji unashika. Kwenye kastadi zile chembe zilizovimba zinajaa kila mahali na kuyazuia mayai yasikutane haraka yakashikana madonge, ni kama watoto watundu wawili darasani, ukiwatenganisha kwa kuwakalisha wenzao katikati vurugu haitokei. Kwaiyo kastadi hii inaruhusiwa kuchemka. Sio inaruhusiwa tu, inatakiwa ichemke.

Na hapa sasa kuna kitu watu hawaambiwi. Umepika kastadi yako, imeshika vizuri usiku, umeweka friji, asubuhi unaifungua ni maji. Unalaumu friji, unalaumu maziwa, unalaumu jirani aliyekuja jana na jicho lake. Kumbe ni kiini cha yai. Kiini kina kimeng'enya kinachokula wanga, kinaitwa amilesi, na kama hukukipiga moto wa kutosha kinabaki hai na usiku kucha kinatafuna konflawa yako taratibu. Unajua uji wa mtoto? Mama zetu wanakataza kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye uji uliobaki, maana ukirudi baadaye unakuta umekuwa majimaji. Ni kisa kilekile kabisa, mate yana amilesi na kiini kina amilesi. Dawa ni kuacha kastadi itoe mapovu ya kuchemka, yale mazito yanayopasuka "pwa, pwa" kama ugali unaoanza kuiva, na uendelee kuikoroga bila kuacha kwa dakika moja mpaka mbili. Ukiitoa mara tu inaposhika, kwa woga, ndo umeiua.

Vipimo vyangu kwa keki moja ya kawaida: maziwa nusu lita, viini vinne au vitano, sukari gramu mia, konflawa gramu 40, siagi gramu 30. Viini, sukari na konflawa unapiga pamoja kwenye bakuli mpaka viwe laini. Maziwa unachemsha pembeni, unayamimina kwenye viini kidogokidogo huku unakoroga, hiyo kidogokidogo usiidharau maana ukimwaga yote kwa mpigo mayai yanashtuka. Alafu unarudisha vyote kwenye sufuria, moto wa wastani, mkono hausimami. Ikishachemka unatia siagi na vanila, unapitisha kwenye chujio kama una mashaka, unafunika kwa nailoni inayogusa kastadi yenyewe ili isipate ngozi, unaiacha ipoe kabisa. Ikiwa ya moto ukaiweka kwenye keki itachuruzika pembeni na chokleti yako itaenda nayo.

Jambo moja la afya na sitalirudia: hii sio keki ya kukaa mezani tangu asubuhi ikisubiri mgeni rasmi. Maziwa na mayai na unyevu, bakteria wanapenda kuliko sisi. Mwongozo wa Wamarekani wenyewe ni kwamba chakula cha namna hii kisizidi masaa mawili nje ya friji, na joto likivuka nyuzi 32 basi lisaa limoja tu. Dar mwezi wa pili hiyo nyuzi 32 ni salamu ya asubuhi. Mimi mteja akiniambia shughuli ni ya bustanini saa nane mchana namshauri achukue keki ya limau, na akinuna anune.

Turudi kwenye neno la kwanza, Boston. Hili ndo lenye hadithi tamu na hadithi tamu ndo za kuangaliwa mara mbili.

Boston, mji mkuu wa jimbo la Massachusetts anakoishi binamu, kuna hoteli inaitwa Parker House, siku hizi Omni Parker House, ilifunguliwa mwaka 1855 na bwana mmoja anaitwa Harvey Parker. Hoteli inasema keki hii ilizaliwa jikoni kwao mwaka 1856, mikononi mwa mpishi Mfaransa anayetajwa kama Sanzian. Inasimuliwa Parker alikuwa anamlipa mpishi wake dola 5,000 kwa mwaka wakati wapishi wengine wa mji wanapata dola nane kwa wiki, piga hesabu mwenyewe. Keki yao waliiita chokleti krimu pai, na mpaka leo ya kwao ina ufundi: sponji inapakwa shira yenye ramu, katikati kastadi, pembeni lozi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa, juu chokleti na mistari myeupe iliyochorwa kama utando wa buibui. Hoteli yenyewe ina visa vingi, inaelezwa hata Ho Chi Minh, yule aliyekuja kuwa kiongozi wa Vietnam, aliwahi kufanya kazi kwenye jiko lao la mikate miaka ya 1910 kijana asiyejulikana, na Malcolm X, yule mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, aliwahi kuondoa sahani mezani palepale miaka ya 1940.

Tatizo ni hili. Waliofuatilia kumbukumbu wanasema jina Sanzian ni la mtu aliyekosewa kuandikwa, jina lake hasa ni Anezin, na huyo Anezin anatajwa kuongoza jiko la Parker House kuanzia 1865. Sasa mtu aliyeshika jiko 1865 amepikaje keki ya 1856? Ama mpishi ni mwingine, ama mwaka ni mwingine, ama yote mawili yalibandikwa baadaye hoteli ilipoona keki imekuwa maarufu. Mi naona hivi, na haya ni maoni yangu, keki mbili na kastadi katikati zilikuwa zinapikwa na akina mama majumbani New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani ikiwemo Massachusetts, bila jina la mpishi yeyote, hoteli haikuzua hicho kitu. Kilichowezekana hoteli wakifanye, na ni kikubwa, ni kuweka chokleti juu na kuipeleka kwenye meza ya sahani za kaure. Ni kama mtu afungue hoteli ya nyota tano Zanzibar aweke urojo kwenye menyu na maua pembeni, baada ya miaka mia watasema urojo ulianzia pale.

Kwamba ni ya Massachusetts hilo halina ubishi lakini, liko kisheria. Mwaka 1996 wanafunzi wa Norton High School, darasa la uraia, walipeleka pendekezo na jimbo likaifanya Boston cream pie kuwa kitindamlo rasmi cha jimbo. Iliyashinda mengine ya nyumbani ikiwemo biskuti za vipande vya chokleti, ambazo nazo zimetokea jimbo hilohilo, na hao wa biskuti hawakukubali kulala njaa, mwaka uliofuata biskuti yao ikapewa cheo chake yenyewe cha biskuti ya jimbo. Watoto wa shule wanafundishwa bunge kwa keki. Sisi uraia tulikariri tarehe.

Chokleti haipo hata kwenye jina, cha ajabu, na ndo kitu cha kwanza unachokiona. Leo chokleti juu ya keki ni kawaida mpaka inachosha, ila miaka ya 1850 chokleti kwa watu wengi ilikuwa kinywaji, unaikoroga kwenye maziwa ya moto. Boston ilikuwa na bahati maana pale Dorchester, jirani kabisa, walikuwa wanasaga chokleti kwa kinu cha maji tangu 1765. Kwaiyo kuimimina juu ya keki ilikuwa kitu cha kushangaza meza. Na inamiminwa juu tu. Wanaoifunika keki nzima mpaka pembeni wameshapika keki nyingine, sio mbaya, lakini Boston cream pie inatakiwa ukitazama ubavuni uone mstari wa njano.

Kwa hapa kwetu shida ni chokleti yenyewe. Ile ya vipande inayouzwa maduka ya vifaa vya keki mara nyingi mafuta yake ni ya mimea mingine sio siagi ya kakao, soma nyuma ya pakiti, inayeyuka vizuri na haisumbui lakini inaacha ulimi una utando kama umelamba mshumaa. Kakao yenyewe tunalima, Kyela huko Mbeya wanaianika barabarani, inapanda meli inaenda, inarudi pipi. Ukipata chokleti halisi changanya na krimu nzito ya moto uzito sawa kwa sawa, acha dakika mbili bila kugusa, koroga taratibu kutoka katikati, mimina ikiwa vuguvugu. Hapa sasa ndo krimu ya kweli imeingia kwenye keki yenye krimu kwenye jina, na imeingia kwenye chokleti. Nimecheka mwenyewe siku nilipogundua hilo.

Kuna na donati, kabla hamjaniuliza. Donati ya mviringo isiyo na tundu, kastadi ndani, chokleti juu, nayo inaitwa Boston cream, nayo Massachusetts wameipitisha kuwa donati rasmi ya jimbo, mwaka 2003. Hiyo wameitoa neno pai, na ndo maana sijawahi kuona familia inagombana kuhusu donati.

Basi nikamaliza kuandika yote haya, nikasema ngoja nirudi kwenye ile picha ya binamu niiangalie vizuri, niwe na ushahidi. Nikaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa. Chokleti imeshuka mpaka chini kila upande. Na pale alipokata kipande, katikati, ni nyeupe pe. Nikamuuliza inboksi, akasema alinunua supamaketi, alichoka, ametoka shifti ya usiku. Yaani ile haikuwa pai, na Boston cream pie pia haikuwa. Shangazi sijamwambia bado.